Kutenga kumbukumbu kwa usalama kwa miundo yenye urefu unaobadilika katika kerneli ya Linux: mwongozo kamili

Chukua namba 268,435,456 uizidishe kwa 16. Kwenye karatasi utapata 4,294,967,296. Ndani ya kigeu cha biti 32 utapata sifuri, kwa sababu jibu linadai biti ya 33 na biti hiyo haina pa kukaa. Ongeza baiti 8 za kichwa cha muundo, na ukubwa wote unakuwa baiti 8. Kerneli itakupa baiti hizo 8 bila kunung'unika, nawe utaanza kumwaga vipimo zaidi ya milioni mia mbili juu ya kumbukumbu isiyo yako.

Mstari wenye kosa hilo niliwahi kuuandika mwenyewe, katika draiva ya kukusanya vipimo vya vihisio:

```c
u32 ukubwa = sizeof(struct orodha) + o.idadi * sizeof(struct kipimo);
od = kmalloc(ukubwa, GFP_KERNEL);
```

Wenzangu wawili waliusoma wakaupitisha. Kwenye mashine ya biti 64 kuzidisha kwenyewe kulikwenda sawa. Jibu lilikatwa mkia lilipotiwa ndani ya `u32`. Tangu hapo sikagui tena hesabu za ukubwa kwa macho. Naziondoa mikononi mwangu kabisa, na mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo hatua kwa hatua. Nachukulia kwamba unaijua C na umewahi kukompaili moduli. Zana zote nitakazozitaja zimo katika kerneli ya 6.6 na zilizofuata. Nyingi zimekuwepo tangu 4.18 ya mwaka 2018.

Hatua ya 1: Tangaza safu ya mwisho bila namba

Muundo wenye urefu unaobadilika una sehemu mbili: kichwa chenye idadi, na safu inayokifuata moja kwa moja kwenye kumbukumbu ileile. Tutatumia huu hadi mwisho:

```c
struct kipimo {
	__u64 wakati;
	__s32 thamani;
	__u32 alama;
};

struct orodha {
	u32 idadi;
	u32 bendera;
	struct kipimo vipimo[] __counted_by(idadi);
};
```

Mabano matupu ya `vipimo[]` ni safu nyumbufu, iliyoingia katika C rasmi kwa kiwango cha C99. Safu hii haiongezi kitu kwenye `sizeof(struct orodha)`, ambayo inabaki baiti 8 za kichwa. Kila kipimo ni baiti 16.

Katika msimbo wa zamani utakuta `vipimo[0]`, au `vipimo[1]`, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Hiyo ya pili inamlazimisha mwandishi kupunguza moja kila anapopiga hesabu:

```c
sizeof(*od) + (idadi - 1) * sizeof(struct kipimo)
```

Jaribu kuweka idadi ya sifuri. `idadi` ni `u32`, kwa hiyo `idadi - 1` inakuwa 4,294,967,295. Ukizidisha kwa 16 kwenye mashine ya biti 64, unaiomba kerneli zaidi ya baiti 68,719,476,720 ili kuhifadhi orodha tupu. Ukikutana na safu ya namna hii katika msimbo unaoutunza, igeuze iwe nyumbufu kabla ya kurekebisha chochote kingine, kisha pitia kila mahali palipo na `sizeof` ya muundo huo, maana ukubwa wake umebadilika. Mradi wa Kernel Self Protection, ulioanzishwa na Kees Cook mwaka 2015, umefanya usafi huu kwa miaka mingi, faili kwa faili, na Gustavo A. R. Silva ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya mzigo. Matunda yake ni kwamba kuanzia 6.5 kerneli hukompailiwa kwa `-fstrict-flex-arrays=3` pale kompaila inapoweza: mabano matupu peke yake ndiyo yanayohesabiwa kuwa safu nyumbufu, na safu yenye namba inachukuliwa kwa namba yake.

`__counted_by(idadi)` inaiambia kompaila kwamba urefu wa safu unaishi kwenye uga wa `idadi`. Kompaila isiyoifahamu huipuuza tu, kwa hiyo iandike hata kama yako ni ya zamani. GCC inaielewa kuanzia toleo la 15. Ikiwa muundo wako una namba mbili, moja ya nafasi zilizotengwa na nyingine ya nafasi zilizokwisha jazwa, elekeza kwenye ile ya nafasi zilizotengwa.

Safu nyumbufu lazima iwe ya mwisho. Ukiutia muundo huu katikati ya muundo mwingine, safu na uga unaofuata vitakalia baiti zilezile. GCC 14 imeleta onyo la `-Wflex-array-member-not-at-end` kwa ajili hiyo.

Hatua ya 2: Soma idadi mara moja, na uiwekee ukomo

Idadi ikitoka upande wa mtumiaji, ichukulie kuwa imeandikwa na mtu anayetaka kukudhuru. Inakili kwenye kerneli mara moja, kagua ile nakala, na tangu hapo usiirudie kumbukumbu ya mtumiaji kuisoma upya.

Kosa linalojificha vizuri kuliko yote hapa ni la kusoma mara mbili. Draiva inanakili kichwa, inaona idadi ni 10, inatenga nafasi ya 10, kisha inanakili ujumbe mzima, kichwa na safu pamoja, ndani ya nafasi ile. Kati ya usomaji wa kwanza na wa pili, uzi mwingine wa mtumiaji umebadilisha 10 kuwa 10,000. Sasa `od->idadi` inasema 10,000 na nafasi ni ya 10, na kila kitanzi kitakachofuata kitaiamini. Dawa ni kunakili safu peke yake mara ya pili, au kuirudisha idadi iliyokaguliwa mahali pake mara tu baada ya nakala ya pili.

Ukomo nao uwe na sababu. Wengi huchagua 2048 au 4096 kwa kuwa ni namba za duara. Katika muundo wetu, vipimo 2048 ni baiti 32,768, na ukijumlisha kichwa unapata 32,776. `kmalloc` ikiombwa zaidi ya kilobaiti 8 hutoa kurasa kwa makundi yanayozidi mara mbili mbili, kwa hiyo baiti 8 za ziada zitakugharimu kilobaiti 64. Ukiweka ukomo wa 2047 unapata 32,760, na kila kitu kinaenea kwenye kilobaiti 32. Faida si nafasi tu. Kwa kurasa za kilobaiti 4, kilobaiti 32 ndicho kiwango ambacho kerneli huhangaika sana kukipata kabla ya kukata tamaa. Juu yake, maombi hushindwa kwa urahisi zaidi kumbukumbu ikiwa imekatikakatika.

Sharti lenyewe liandike kwa namna isiyoweza kupitiliza. Januari 2022 ulitangazwa udhaifu wa CVE-2022-0185 (CVE ni orodha ya wazi ya udhaifu wa kiusalama) katika `fs/fs_context.c`, uliokuwemo tangu 5.1 ya mwaka 2019. Sharti lilikuwa hili:

```c
if (len > PAGE_SIZE - 2 - size)
```

Namba zote hapo hazina alama ya hasi. Ukurasa ukiwa 4096 na `size` ikafika 4095, kutoa kunashuka chini ya sifuri na kuibukia kwenye namba kubwa kuliko zote. Tangu hapo hakuna `len` inayozuiwa, na mtumiaji wa kawaida aliweza kuandika nje ya nafasi hadi kupata mamlaka ya juu kabisa. Marekebisho yalikuwa kuhamisha kila kitu upande wa kujumlisha: `size + len + 2 > PAGE_SIZE`. Unapolinganisha ukubwa, pendelea kujumlisha vitu vyenye ukomo unaojulikana kuliko kutoa.

Hatua ya 3: Acha `struct_size` ipige hesabu

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Faili la `include/linux/overflow.h` lina makro zinazofanya hesabu ya ukubwa huku zikikagua kufurika:

```c
struct_size(od, vipimo, idadi)      /* kichwa + safu nzima */
flex_array_size(od, vipimo, idadi)  /* safu peke yake */
array_size(n, sizeof(*p))           /* n mara ukubwa */
size_add(a, b)                      /* kujumlisha */
size_mul(a, b)                      /* kuzidisha */
```

Uzuri wake ni kwamba hushiba. Hesabu ikifurika, jibu halirudi sifuri. Linasimama kwenye `SIZE_MAX`, namba kubwa kuliko zote inayoenea kwenye `size_t`, na kubaki hapo. Hakuna mashine yenye kumbukumbu ya kiasi hicho, kwa hiyo `kmalloc` inarudisha `NULL`, unarudisha `-ENOMEM`, na hatari imeishia mlangoni. `struct_size` hutazama aina ya `od` tu bila kuifuata pointa, hivyo unaweza kuitumia hata kabla `od` haijapewa thamani.

Kushiba kuna adui wawili, na wote huletwa na sisi waandishi.

Wa kwanza ni alama ya `+`. Mtu anaandika `struct_size(od, vipimo, n) + urefu_wa_jina`, akidhani bado yuko salama. `struct_size` ikiwa imeshiba, `SIZE_MAX` ukiongeza 8 ni 7. Umerudi palepale kwenye nafasi ya baiti saba. Andika `size_add(struct_size(od, vipimo, n), urefu_wa_jina)`. Ukiona `+`, `*` au `<<` ndani ya mabano ya fankisheni yoyote ya kutenga kumbukumbu, ichukulie kuwa kosa hadi uhakikishe vinginevyo. Nyaraka za kerneli zenyewe, katika `Documentation/process/deprecated.rst`, zimeitia hesabu hiyo ya mkono kwenye orodha ya mambo yasiyotakiwa tena.

Wa pili ni kigeu chembamba. Ukitia jibu la `struct_size` ndani ya `int`, `SIZE_MAX` inakuwa -1. Shika ukubwa kwa `size_t` tangu unapozaliwa hadi unapotumika, na kagua pia aina ya parameta za fankisheni unazoziita. Udhaifu wa CVE-2021-33909, uliotangazwa na kampuni ya Qualys Julai 2021, ulitokana na jambo hilo hasa: ukubwa wa aina ya `size_t` katika `fs/seq_file.c` ulikabidhiwa kwa fankisheni iliyoupokea kama `int`. Kwa njia ya faili ndefu kupita gibibaiti moja, ukubwa uligeuka kuwa hasi na kuandika kukatokea mbali kabisa nje ya nafasi.

Ukomo wa hatua ya 2 hauondoi haja ya `struct_size`. Ukomo huishi kwenye mstari mmoja na hesabu kwenye mwingine, na siku moja mtu ataongeza ukomo bila kuangalia hesabu. Mtu huyo anaweza kuwa wewe baada ya miaka miwili.

Hatua ya 4: Chagua pa kuombea

`kzalloc` hukupa kumbukumbu iliyokwisha futwa kwa sifuri. Kwa muundo utakaorudishwa kwa mtumiaji, wote au nusu yake, usitumie `kmalloc` tupu. Kwa safu isiyo na kichwa kuna `kcalloc` na `kmalloc_array`, ambazo hukagua kuzidisha zenyewe.

Ukihitaji zaidi ya kilobaiti 32 na kumbukumbu hiyo haiendi kwenye DMA (kifaa kusoma au kuandika kumbukumbu moja kwa moja bila kupitia CPU), tumia `kvzalloc`. Hiyo hujaribu kwanza kupata kumbukumbu iliyoungana, ikikosa hukusanya kurasa zilizotawanyika. Iliyoombwa kwa `kvzalloc` huachiliwa kwa `kvfree`. Usiichanganye na `kfree`.

Kuhusu bendera: `GFP_KERNEL` inaruhusu kulala, kwa hiyo haifai ndani ya katizo wala ukiwa umeshika spinlock (kufuli linalosubiriwa bila kulala). Wengi hukimbilia `GFP_ATOMIC`, nami nashauri uhamishe ombi lako liwe juu ya mstari wa kufunga kufuli, kwani `GFP_ATOMIC` huchota kwenye akiba ndogo na hushindwa upesi. Kumbukumbu inayoombwa kwa niaba ya mtumiaji iombe kwa `GFP_KERNEL_ACCOUNT`, ili ihesabiwe kwenye cgroup yake (kundi la michakato lenye mgao wake wa rasilimali) na asiweze kuimaliza mashine nzima kwa maombi mengi madogo yaliyo halali.

Hatua ya 5: Andika idadi kwanza, ndipo uiguse safu

Hii hapa fankisheni nzima:

```c
#define VIPIMO_UKOMO 2047

struct ombi {
	__u32 idadi;
	__u32 bendera;
	__u64 anwani;
};

static struct orodha *orodha_soma(const struct ombi __user *uombi)
{
	struct orodha *od;
	struct ombi o;

	if (copy_from_user(&o, uombi, sizeof(o)))
		return ERR_PTR(-EFAULT);

	if (o.bendera)
		return ERR_PTR(-EINVAL);
	if (!o.idadi || o.idadi > VIPIMO_UKOMO)
		return ERR_PTR(-EINVAL);

	od = kzalloc(struct_size(od, vipimo, o.idadi),
		     GFP_KERNEL_ACCOUNT);
	if (!od)
		return ERR_PTR(-ENOMEM);

	od->idadi = o.idadi;

	if (copy_from_user(od->vipimo, u64_to_user_ptr(o.anwani),
			   flex_array_size(od, vipimo, od->idadi))) {
		kfree(od);
		return ERR_PTR(-EFAULT);
	}

	return od;
}
```

Mstari wa `od->idadi = o.idadi` umekaa hapo kwa makusudi. `kzalloc` imeacha sifuri kwenye `idadi`, na kwa sababu ya `__counted_by`, safu yenye idadi ya sifuri haina hata nafasi moja halali. Ukijaza `vipimo[0]` kabla ya kuandika idadi, ukaguzi wa mipaka utalia, na utakuwa umelia kwa haki. Msimbo mwingi wa zamani hujaza safu kwanza na kuandika idadi mwishoni. Ukiuongezea `__counted_by` bila kupanga upya mistari, utavunja kitu kilichokuwa kikifanya kazi.

Bendera zisizotumika bado, zikatae zikiwa na chochote kisicho sifuri. Ukizipuuza leo, kuna programu zitakazotuma takataka humo, na hutaweza tena kuzipa maana kesho.

Hatua ya 6: Kukuza orodha iliyokwisha tengwa

```c
u32 zamani = od->idadi, jumla;
struct orodha *mpya;

if (!nyongeza || check_add_overflow(zamani, nyongeza, &jumla) ||
    jumla > VIPIMO_UKOMO)
	return -EINVAL;

mpya = krealloc(od, struct_size(od, vipimo, jumla),
		GFP_KERNEL_ACCOUNT);
if (!mpya)
	return -ENOMEM;

mpya->idadi = jumla;
memset(&mpya->vipimo[zamani], 0,
       flex_array_size(mpya, vipimo, nyongeza));
```

`nyongeza` nayo ni `u32`. Usiandike `od = krealloc(od, ...)`: ikishindwa inarudisha `NULL` na ile ya zamani bado iko hai, ila wewe umeshapoteza anwani yake. Ikifaulu, `od` ya zamani imekufa, na pointa yoyote iliyohifadhiwa kwingine, kwenye orodha nyingine au ndani ya kazi inayosubiri, inaelekea kwenye kaburi. Kama kuna wasomaji wengine kwa wakati huohuo, usitumie `krealloc`. Tenga mpya, nakili, badilisha pointa chini ya kufuli, kisha achilia ya zamani wote wakishaondoka.

Unapopunguza, mpangilio unageuka: shusha `idadi` kwanza, ndipo upunguze nafasi.

Hatua ya 7: Kunakili na kurudisha

`*a = *b` hunakili kichwa pekee, safu inabaki nyuma. `memcpy` ya `sizeof(*od)` ni vilevile. Nakala kamili ni hii:

```c
nakala = kmemdup(od, struct_size(od, vipimo, od->idadi), GFP_KERNEL);
```

Unaporudisha data kwa mtumiaji, chunga mapengo. `struct kipimo` yetu haina pengo: 8 na 4 na 4 ni 16. Ukifuta uga wa `alama`, ukubwa wake kwenye x86-64 unabaki 16, kwa kuwa kompaila itaziba baiti 4 za mwisho ili `wakati` wa kipimo kinachofuata ukae mahali pake. Kipimo kilichojengwa kwenye rafu ya kerneli kitabeba humo mabaki ya data nyingine hadi kwa mtumiaji. Jaza mapengo kwa nyuga za akiba zenye jina, na uzifute.

Hatua ya 8: Ujaribu kuuvunja

Kompaili kerneli ya majaribio yenye `CONFIG_KASAN` (hunasa kusoma na kuandika nje ya nafasi), `CONFIG_UBSAN_BOUNDS` (hukagua mipaka ya safu) na `CONFIG_FORTIFY_SOURCE` (hukagua ukubwa wa nakala), uiendeshe ndani ya QEMU, mashine ya kuigiza. Tuma maombi yenye idadi hizi: 0, 1, 2047, 2048, 0x10000000 na 0xFFFFFFFF. Za pili na tatu zipite, nyingine zote zirudi na `-EINVAL`. Kisha ondoa mstari wa ukomo kwa muda, utume tena zile mbili za mwisho. Sasa lazima upate `-ENOMEM`, na KASAN ikae kimya. Jaribio hili linathibitisha kwamba ukubwa haukatwi mkia njiani. Ombi kubwa namna hiyo huweza kuandika onyo la kitengaji kwenye `dmesg`, hilo litarajie.

Rudia yote kwenye kerneli ya biti 32, kwa mfano `ARCH=i386`, maana huko `size_t` ni biti 32, kuzidisha kunafurika kweli, na hapo ndipo unapothibitisha kwamba `struct_size` inakulinda yenyewe. Washa `CONFIG_FAILSLAB` pia, ili maombi ya kumbukumbu yashindwe kwa makusudi na njia zako za `-ENOMEM` zipitiwe. Njia hizo kwa kawaida hazijawahi kukanyagwa na mtu. Malizia kwa `make C=1` na `make coccicheck`, ambazo hukagua msimbo bila kuuendesha, kwenye saraka yako, na onyo lolote linalotaja mstari wa kutenga kumbukumbu lishughulikie kabla hujatuma kiraka.